Mwendo wa Mtu Mwingine

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na nyundo. Babu yake alikuwa fundi viatu, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, ukuta mmoja tu kutoka kitanda cha mjukuu wake. Nyundo ikianza, Chiriku anaamka, ananawa uso, anafagia vipande vya ngozi na misumari iliyopinda, kisha anakunywa chai akiwa amesimama, huku akisimulia ndoto zake kwa yeyote aliye karibu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na babu, kwa sababu mdomo wake haukuwa na kufuli.

Nyuma ya karakana kulikuwa na stoo ndogo isiyo na dirisha. Humo vilikaa viatu vya watu walioleta kutengenezewa wasirudi tena. Wengine walihama, wengine walisahau, na wengine walikwisha fariki. Babu hakuuza hata pea moja. Mara kwa mara alivifuta vumbi, akavipaka dawa ya viatu, akavirudisha kwenye rafu, ncha zikitazama ukuta na visigino vikitazama mlango.

"Babu, viatu vya watu umevipa adhabu?" Chiriku aliwahi kumuuliza.

"Sijavipa adhabu. Mtu unamjua kwa sura, kiatu unakijua kwa kisigino. Nikitazama tu nasema: huyu anaburuta, yule anakanyagia ndani, huyu hapa alikuwa na haraka za bure."

"Si uviuze, Babu? Wenyewe hawaji."

"Kitu cha amana ni cha mwenyewe hata akikaa miaka. Siku akija nitamjibu nini?"

Chiriku hakupenda kuingia stoo peke yake. Akisimama mlangoni aliona kama watu wamempa mgongo, wamenyamaza, wanangoja kuitwa. Basi akichukua gundi anachukua upesi na kutoka, wala hageuki nyuma.

Ikaja siku ya wazazi shuleni. Mama wa Chiriku alikuwa kazini, hivyo babu akaenda badala yake. Alivaa suruali yake iliyopigwa pasi ikakaa, na viatu vyake vyeusi vya ujana, vyenye vibati vya chuma visiginoni. Jina la Chiriku lilipoitwa, mzee aliinuka kutoka safu ya mwisho, akatembea hadi mbele juu ya sakafu ya saruji. Ko. Ko. Ko. Ko. Ukumbi mzima ukanyamaza. Hata mwalimu mkuu aliacha kusema akangoja miguu ile ifike. Babu akapokea ripoti, akainamisha kichwa, akarudi kwa mwendo uleule wa taratibu, na wanafunzi wakamsindikiza kwa macho mpaka alipokaa.

Kesho yake, baada ya masomo, karakana ilijaa. Kila mwanafunzi alitaka vibati.

"Nimezeeka ndipo nakuwa kijana!" babu alicheka, misumari ikiwa imebanwa midomoni. "Haya, mmoja mmoja. Kiatu kisicholia ni kama mgeni asiyepiga hodi."

Haukupita muda, shule ikawa inalia. Ukikaa darasani ulijua nani anakuja kabla hajatokea mlangoni. Lakini vibati havishiki kwenye soli ya mpira, na wapo waliokuwa na viatu vya mpira. Hao waliitwa "mabubu". Bubu mkubwa kuliko wote alikuwa Twiga, rafiki kipenzi wa Chiriku, msichana mrefu ambaye miguu yake, kwa maneno ya watani wake, ilifika darasani kabla yake. Twiga alicheka walipomtania. Kisha akaenda kulia nyuma ya matangi ya maji, na Chiriku akamkuta huko.

"Usilie," Chiriku alisema. "Babu ana viatu vingi tu. Nitamwambia akupe."

Hakumwambia. Alijua jibu. Siku babu alipokwenda kununua ngozi, Chiriku aliingia stoo akiwa na tochi. Pea pekee iliyoelekea kumtosha Twiga ilikuwa kwenye kona, rafu ya chini: viatu vyeusi vya kiume vya kufunga kamba, imara, vimeng'arishwa. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeinuliwa, kinene kuliko cha kulia kwa unene wa kidole gumba. Kiatu cha kulia kilikuwa na kibati kisiginoni na kingine nchani. Chiriku alivitia kwenye mkoba. Alipofunga mlango alihisi ubaridi shingoni, ingawa mchana ulikuwa wa jua kali.

"Babu amekupa," alimwambia Twiga. "Ila usipite navyo mbele ya karakana. Hapendi kushukuriwa." Uongo wa kwanza na wa pili ulitoka kwa pumzi moja.

Twiga alivifunga kamba akatembea. Mguu wa kushoto uligonga pigo moja zito, wa kulia ukajibu mapigo mawili ya haraka. Ko... ko-ko. Ko... ko-ko. Kisigino kile kirefu kilimwinua upande mmoja, akawa anayumba kidogo kila hatua, bega moja likipanda na jingine likishuka. Wanafunzi wote walio uwanjani waligeuka.

"Mwendo gani huo?" mmoja aliuliza.

"Mwendo mpya," Chiriku akajibu haraka kabla Twiga hajafumbua mdomo. Tangu hapo hakuna aliyemwita Twiga bubu.

Njia yao ya kurudi nyumbani ilipita kwenye kichochoro nyuma ya shule. Hapo aliishi mama mmoja mzee, fundi cherehani, aliyeshona sare za nusu ya shule. Watoto walimwita Bibi Cherehani. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho, akashona kwa kupapasa, na mshono wake bado ulinyooka. Cherehani yake ilikuwa ikisikika kutwa nzima, na watoto walishaizoea hata hawaisikii.

Siku ile Twiga alipopita na viatu vipya, cherehani ilinyamaza.

"Umesikia?" Chiriku aliuliza.

"Nimesikia nini?"

"Si kusikia. Nimeacha kusikia."

Wakasimama. Ndani kimya. Walipoanza kutembea na kukaribia kona, bado kimya. Cherehani haikuanza tena mpaka walipokuwa mbali.

Siku iliyofuata ilikuwa vilevile. Siku nyingine pazia la dirishani lilisogea. Kisha wakaukuta mlango wazi, mlango ambao kwa kawaida ulifungwa kwa sababu ya vumbi. Kizingitini paliwekwa beseni la maji safi, na juu ya kigoda kando yake taulo jeupe lililokunjwa vizuri. Hapakuwa na mtu. Twiga alitaka kupita mbio, lakini kwa viatu vile huwezi kukimbia, unayumba tu. Ko... ko-ko. Na sauti ya upole ikatoka gizani mwa chumba:

"Ingia tu, mwanangu. Sijakasirika."

Nywele za Chiriku zilisimama. Alimshika Twiga mkono, wakaenda hadi barabarani bila kusema neno. Kwa Chiriku, kutosema neno lilikuwa jambo geni.

"Alikuwa anatuita sisi?" Twiga aliuliza.

"Labda ana mgeni ndani."

"Mimi nitavua hivi viatu. Kiuno kinaniuma, na sasa naogopa."

Akavivua palepale, akavaa vya mpira alivyokuwa navyo mkobani. Chiriku akavipokea akiwa ameshusha pumzi. Alijiambia kwamba atavirudisha stoo na mambo yataishia hapo.

Kumbe hayakuishia. Kesho yake, wakati wa mapumziko, Chiriku alibaki darasani peke yake akimalizia hesabu. Nje, barazani, akasikia: ko... ko-ko. Twiga alikuwa uwanjani, alimwona kupitia dirishani kwa macho yake, na viatu vile vilikuwa nyumbani, chini ya kitanda cha Chiriku. Hatua zikasogea. Ko... ko-ko. Zikapita mlangoni, na hakuona mtu, maana mlango ulikuwa umerudishwa. Alikaa kama aliyepigiliwa misumari. Mwishowe akajikaza, akasukuma mlango, akachungulia.

Walikuwa wavulana wawili wa darasa la juu. Walitembea bega kwa bega, wakiyumba, wakigonga mguu wa kushoto kwa nguvu na kubisha ncha ya mguu wa kulia. Kule mwisho wa baraza wasichana watatu wakafanya vivyo hivyo. Ule mwendo ulishapendwa. Shule nzima ilikuwa ikitembea kama mtu mmoja ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemjua.

Jioni hiyo Chiriku alisimama mbali na kichochoro akatazama. Wanafunzi walikuwa wakirudi nyumbani kwa makundi, ko... ko-ko, na Bibi Cherehani amesimama kizingitini, kichwa kimeinama upande, uso unageuka kila upande hatua zilikotoka. Alikuwa akitabasamu, na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

Viatu vilikuwa bado chini ya kitanda, kwa sababu babu hakutoka karakana siku hizo, kazi zilimzidi. Siku ya pili yake Bibi Cherehani mwenyewe akabisha hodi, akipapasa ukuta.

"Karibu, karibu fundi mwenzangu," babu alisema akimpa kiti. "Macho yanaendeleaje?"

"Macho yapo. Sikuja kwa macho. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Vile viatu vya mwanangu, bado viko?"

"Viende wapi? Si uliniambia viache hapahapa, akirudi atapita kwangu kwanza?"

"Ndiyo. Hebu nenda ukatazame."

Babu aliinuka akicheka kidogo, akaingia stoo. Chiriku alikuwa akichambua misumari kwenye kopo. Misumari iliganda vidoleni. Babu alikaa huko ndani kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama pea moja ya viatu. Alipotoka, kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Havipo," alisema.

"Nilijua," Bibi Cherehani akajibu kwa sauti ndogo yenye furaha, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Babu alikaa kitako akitazama mlango wa stoo. "Kijana wake huyo," alisema kama anayejisemea. "Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni. Nilimjengea kile kisigino mwenyewe. Aligombana na mama yake, akaleta viatu niviwekee vibati vipya, akaenda kutafuta kazi akiwa na kandambili. Hakurudi, wala barua hakuna." Akageuka. "Chiriku, hujaona mtu kuingia humu?"

"Hapana, Babu."

"Basi kama ni yeye, mbona hakupiga hodi?"

Usiku huo babu alifunga stoo kwa kufuli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Chiriku alilala akiwa na viatu vile chini ya mgongo wake, godoro tu likiwatenganisha. Kila ubao wa kitanda ulipolia alidhani mtu anainama kuvitafuta.

Jumamosi akaja mwanamke mmoja na begi la safari. Alikuwa binti wa Bibi Cherehani, aliyeishi mji mwingine.

"Shikamoo, baba," alimsalimu babu.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumchukua mama?"

"Nimekuja kumchukua, na amekataa katakata. Operesheni ya macho ni Jumatatu. Tumeingoja nafasi hiyo mwaka mzima, na daktari amesema tukiikosa, jicho moja haliponi tena. Lakini yeye anasema haondoki. Anasema kaka yangu amerudi, anapita mlangoni kila jioni, anaona haya tu kuingia. Baba, ameanza kumpikia! Nilipomwambia ni ndoto, akaniambia ushahidi anao, wewe mwenyewe ulimwambia viatu vimechukuliwa."

"Nilisema havipo, kwa sababu havipo," babu alijibu. "Miaka yote hii sijapoteza hata gidamu ya mtu. Sijui nikwambie nini."

Chiriku aliwatazama. Alimwona babu yake, mtu wa mzaha, akiwa hana mzaha hata mmoja. Akamfikiria yule bibi akipofuka kizingitini kwa kusubiri miguu ya watoto wa shule. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Lakini kinywa kile kilichozoea kusema kila kitu kilikuwa kimebeba jambo moja zito mno, na hakikuweza kulibeba tena.

"Babu, viatu ninavyo mimi," alisema, akaangua kilio.

Alisimulia yote, tangu matangi ya maji hadi beseni na taulo. Babu hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kavilete. Tupitie kwa Twiga, halafu tuende. Utasema wewe kwa mdomo wako. Mimi sitasema badala yako."

Mlango wa Bibi Cherehani ulikuwa wazi. Beseni lilikuwa limejazwa maji mapya. Walipovuka kizingiti, bibi aliinua uso.

"Fundi, ni wewe? Umekuja naye?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Akapiga magoti mbele ya kiti. "Shikamoo, bibi. Hakuna aliyerudi. Viatu niliviiba mimi stoo, nikampa rafiki yangu. Aliyekuwa anapita hapa ni yeye. Na baadaye wanafunzi wote wakaiga mwendo. Nisamehe, bibi."

Bibi hakulia. Alinyoosha mikono, akapewa viatu, akapitisha kidole gumba juu ya kile kisigino cha kushoto, taratibu, kama anayetafuta mwisho wa uzi.

"Nani alivivaa?"

"Mimi, bibi," Twiga alinong'ona.

"Vivae. Nenda mlangoni, uje hapa nilipo."

Twiga alimtazama babu. Babu akatikisa kichwa kukubali. Msichana akafunga kamba, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Ko... ko-ko. Ko... ko-ko. Katika chumba kile kidogo sauti ilikuwa nzito, na Chiriku aliona vinyweleo vya mikono vikimsimama, ingawa alijua vizuri ni nani anayetembea. Bibi alifumba macho yake yenye ukungu. Alisikiliza hatua zote mpaka ya mwisho, ilipokoma mbele ya magoti yake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Basi," alisema. "Vua, mwanangu. Miguu yako imelingana, utajivunja kiuno bure."

Alikaa kidogo akijifuta kwa ncha ya kanga, kisha akamwita binti yake. "Funga mizigo. Na hivi viatu vitie humo. Fundi, mwenyewe akija kuviulizia, mwambie viko kwa mama yake, na mama yake yuko kwa dada yake."

"Nitamwambia," babu alijibu.

Njiani kurudi nyumbani, karibu na karakana, babu alisimama. "Wewe ulitaka kumsaidia rafiki yako," alisema. "Ungeniambia. Ningebandua ule mpira, nikamwekea soli ya ngozi, akalia kama wenzake. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, lakini umeona imewapitisha watu wangapi. Na mimi nina langu. Niliwapa watoto kiburi cha kelele, sikuwauliza ambao viatu vyao havilii watajisikiaje."

Jumatatu babu alikwenda shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu. Chiriku alisimama mbele ya wenzake akasema alichofanya, na babu akawaeleza mwendo ule ulikuwa wa nani. Hakuna aliyecheka. Walipotawanyika, kila mmoja alijaribu kukumbuka mwendo wake mwenyewe, na wengine iliwachukua siku nzima kuupata. Twiga alipata soli zake za ngozi. Kila Jumamosi Chiriku aliingia stoo kufuta vumbi la viatu vya watu, na ilimbidi aingie peke yake.

Muhula ulipokaribia kwisha, Bibi Cherehani alirudi kuchukua cherehani yake. Alipita karakana bila kupapasa ukuta. Alimtazama Chiriku kwa muda mrefu, kwa macho meusi yaliyo safi.

"Kumbe u mdogo hivi?" alisema. "Siku ile nilidhani anayeongea ni mtu mzima."

"Bado unanikasirikia, bibi?"

"Nilikukasirikia sana. Ulinipa mwanangu, halafu ukaninyang'anya, na yote mawili yaliniuma. Lakini sikiliza nikwambie, uwaambie na wenzako. Ungenyamaza, leo ningekuwa nimekaa pale mlangoni, kipofu, nawaita watoto wa watu nikidhani ni wangu. Ukweli ulinitia uchungu, kisha ukanipeleka hospitali. Sasa nangoja kama zamani, ila nangoja nikiwa na macho. Mwanangu akija nitamwona yeye mwenyewe, hata akija pekupeku."